Mchungaji wa Mji Mdogo: Kuni, Mshahara na Nyumba ya Jonathan Edwards

Mwaka 1751, Jonathan Edwards alipokubaliana na wakazi wa Stockbridge, kijiji cha mpakani magharibi mwa Massachusetts, mapatano yao yalitaja kuni. Sleji 100 kila mwaka, yaani magari yasiyo na magurudumu ya kuburuta mizigo juu ya theluji: 80 zingeletwa na Wamohikani, wenyeji wa asili wa pale, na 20 zingeletwa na Waingereza. Fedha ambayo Waingereza hao wangetoa mifukoni mwao ilikuwa paundi 6, shilingi 13 na peni 4. Riziki iliyobaki ingetoka kwa jumuiya ya wamisionari ya London na kwa serikali ya jimbo. Historia inamhesabu Edwards kuwa mwanateolojia mkubwa wa Marekani ya kikoloni. Nyumbani kwake, hata hivyo, hesabu ya sleji ilikuwa na uzito wake, kwani Januari ya New England kuni zikiisha hakuna anayeandika: wino huganda ndani ya kidau.

Wengi humsoma Edwards kuanzia mimbarini. Nadhani ni afadhali kuanzia kwenye mkataba. Mchungaji wa mji mdogo wa zama zile alikuwa mwajiriwa wa majirani zake, na kila kitu nyumbani mwake, kuanzia moto wa jikoni hadi mkufu wa mke, kilipita mikononi na midomoni mwao.

Msomaji aliyezoea kuona wachungaji wakihamishwa kwa barua kutoka makao makuu ya dayosisi auweke kando utaratibu huo. Makanisa haya ya Kikongregasheni hayakuwa na askofu. Kila usharika ulimwita mchungaji wake wenyewe, na sheria ya Massachusetts ilitaka kila mji umlipe kwa kodi. Mchungaji akifa au akizeeka, mji ulimwalika kijana, mara nyingi aliyetoka chuo cha Harvard au Yale juzi tu, akahubiri Jumapili kadhaa kwa majaribio huku watu wakimpima. Wakiridhika, washiriki wanaume wa kanisa walipiga kura. Kisha mkutano wa mji, yaani walipa kodi, wawe washiriki au la, ulipiga kura yake. Hapo ndipo masharti yalipojadiliwa. Kulikuwa na kiasi cha kuanzia maisha, kinachotolewa mara moja tu, kwa fedha au ardhi. Kulikuwa na mshahara wa mwaka. Na karibu kila mahali kulikuwa na kuni. Mambo yote yakikubaliwa, wachungaji wa miji jirani walikuja kumwekea mikono. Kuanzia siku hiyo ilitarajiwa kwamba atazikwa hapohapo.

Wengi walizikwa hapohapo kweli. Ebenezer Parkman, aliyezaliwa 1703 kama Edwards, aliwekewa mikono Westborough mwaka 1724 na akaitumikia hadi alipofariki 1782, baada ya kuoa mara mbili na kupata watoto 16. Baba yake Edwards, Timothy, alishika usharika wa East Windsor, Connecticut, tangu miaka ya 1690 hadi Januari 1758. Solomon Stoddard, babu yake mzaa mama, aliichunga Northampton, mji wa Massachusetts, zaidi ya nusu karne. Huyu Stoddard alipofika Northampton alimkuta mjane wa mchungaji aliyemtangulia, akamwoa. Kwa hiyo mimbari, nyumba na mke vilitoka mahali pamoja, na hakuna aliyeona ajabu. Tabaka lile lilijizalisha lenyewe: binti wa mchungaji aliolewa na mchungaji, mtoto wa kiume akapelekwa chuo akawa mchungaji. Faida yake ilikuwa vitabu na elimu ya kurithishana. Hasara yake ilionekana pale ndugu walipokosana, maana ugomvi wa ukoo uligeuka mara moja kuwa ugomvi wa makanisa.

Edwards alizaliwa Oktoba 5, 1703, mtoto wa kiume pekee kati ya dada 10. Dada hao walikuwa warefu mno hata ukabaki mzaha kwamba mchungaji Timothy ana futi 60 za mabinti. Baba aliwafundisha wote nyumbani, wasichana na mvulana. Mwaka 1711 alipokwenda na jeshi kama kasisi wa askari, barua zake kwa mkewe Esther zilichanganya Kilatini cha watoto na samadi ya shambani. Mchanganyiko huo ndio maisha yenyewe. Jonathan aliingia chuoni akiwa hajatimiza miaka 13, akahitimu 1720, akafundisha huko kwa muda, kisha Februari 1727 akawekewa mikono Northampton awe msaidizi wa babu yake. Julai mwaka huohuo alimwoa Sarah Pierpont, binti wa mchungaji wa New Haven, aliyekuwa na miaka 17. Februari 1729 Stoddard akafa. Edwards, mwenye miaka 25, akabaki peke yake na mji wa familia zipatazo 200.

Mshahara wake wa kuanzia ulikuwa paundi 100 kwa mwaka, pamoja na msaada wa kupata kiwanja barabara ya King na ardhi ya malisho nje ya mji. Kwa kijana wa umri wake si haba. Tatizo lilikuwa aina ya paundi. Massachusetts ilianza kuchapisha noti zake mwaka 1690 ili kulipia vita, ikaendelea kuchapisha. Mwanzoni mwa karne wakia moja ya fedha ilinunuliwa kwa takriban shilingi 7 za jimbo. Kufikia 1749 ilihitaji kama shilingi 60. Mkulima mwenye ngano na nguruwe hakuumia sana, kwa sababu bei ya mazao yake ilipanda pamoja na bei nyingine zote. Mfanyabiashara alibadilisha bei asubuhi na mchana. Aliyeumia ni mtu wa kipato kilichotajwa kwa tarakimu: mjane, yatima mwenye amana, na mchungaji.

Kwa hiyo kila mwaka Edwards alilazimika kurudi mbele ya mkutano wa mji na kuomba nyongeza, na kila mwaka wakulima waliokaa kwenye mabenchi walisikia kwamba mchungaji anataka pesa zaidi. Yeye kwa hesabu zake alikuwa anaomba kubaki palepale. Wao kwa masikio yao walisikia tarakimu ikipanda. Yeyote aliyewahi kujadili mshahara wakati bei zinapaa anaijua hali hiyo. Kura ikipita, kazi ya kukusanya iliangukia makonstebo wa mji, waliopita nyumba kwa nyumba, na malipo yalifika vipandevipande, mengine kwa kuchelewa, wakati noti zimeshapungua thamani tena. Edwards alipendekeza mshahara ufungwe na bei za bidhaa za lazima, upande zinapopanda. Mwaka 1748 mji ulikubali paundi 700 za noti zile za zamani, pamoja na utaratibu wa kuzirekebisha. Zisikie hizo 700, kisha zipige kwa kipimo cha 1750, pale jimbo lilipozikomboa noti kwa fedha ambayo Uingereza iliirudishia kwa gharama za kuiteka Louisbourg, ngome ya Wafaransa: noti za paundi 7 na nusu kwa paundi 1 halali. Paundi 700 zinakuwa 93 na kidogo. Na familia wakati huo ilikuwa na watoto 9.

Wakati wa kudai nyongeza mji nao ulidai kujua fedha inakwenda wapi. Watu walitaja mkufu na kidani cha Sarah, kilichogharimu paundi 11. Walitaja nguo za mabinti. Hapa sioni kosa la upande mmoja. Waliotoa kodi walikuwa na haki ya kuuliza, na Edwards alikuwa mtoto wa tabaka lililoamini kwamba mchungaji anapaswa kuvaa na kula kama waheshimiwa wa mto Connecticut, akina Stoddard na akina Williams, waliokuwa ndugu zake. Alipenda chokoleti ya kunywa, akaiagiza Boston. Wigi lake lilikuwa la heshima. Mkulima aliyevaa suti moja ya sufu iliyosokotwa nyumbani aliona vyote hivyo kila Jumapili, saa nzima asubuhi na saa nzima alasiri, kwa sababu hakuwa na kingine cha kutazama.

Kuni zenyewe zilipimwa kwa rundo la futi 4 upana, futi 4 kimo na futi 8 urefu, kama mita za ujazo 3.6. Marundo 30 au 40 kwa mwaka hayakuwa anasa kwa nyumba ya mchungaji. Meko ya wazi ya matofali hupeleka joto kubwa dohani. Aliyekaa mbele anaungua magoti huku mgongo ukitetemeka. Miti ilikatwa na kusafirishwa wakati wa theluji, kwa sababu sleji yenye mzigo huteleza juu ya theluji iliyokanyagwa, wakati gari la magurudumu lingezama matopeni. Udanganyifu nao ulikuwa na njia zake. Mtu aliyechukia mahubiri hakukataa kuleta kuni, maana hiyo ingekuwa kuvunja mapatano, alileta mbichi. Kuni mbichi huvuja maji, hufuka moshi, na hupaka dohani utomvu mweusi ambao siku moja hushika moto. Au alipanga rundo kwa magogo yaliyopinda, yenye mianya mingi, likafika futi zake huku nusu yake ni hewa. Mchungaji angelalamika vipi bila kuonekana mpenda mali?

Nyumba yenyewe iliendeshwa na Sarah. Samuel Hopkins, aliyeishi kwao akisomea uchungaji kuanzia Desemba 1741 na baadaye akaandika maisha ya mwalimu wake, anasema Edwards hakujua ana ng'ombe wangapi wa maziwa, wala ni lini nyasi za majira ya baridi zilivunwa na nani. Sarah alijua. Alijua pia wanafunzi wangapi wanalala chini ya paa lake, maana vijana waliotaka uchungaji walikuja kusoma kwa mume wake na kula mezani kwake, na wageni wa kupita hawakukatika. George Whitefield, mhubiri maarufu kutoka Uingereza, alipokaa nao Oktoba 1740 alivutiwa sana na Sarah hata akaandika kwamba amerudia kuomba Mungu ampe mke wa namna hiyo. Bibi Esther, mjane wa Stoddard, naye alikuwa hai mjini hadi 1736.

Watoto walikuja kwa mfululizo wa takriban miaka miwili: Sarah 1728, Jerusha 1730, Esther 1732, Mary 1734, Lucy 1736, Timothy 1738, Susannah 1740, Eunice 1743, Jonathan 1745, Elizabeth 1747, Pierpont 1750. Jumla 11, na wote walipita umri wa uchanga, jambo la nadra sana enzi zile. Ukiangalia tarehe kwa kalenda ya wakati huo utaona kitu ambacho majirani hawakukosa kukiona: 6 kati yao walizaliwa siku ya Sabato, yaani Jumapili, wakiwemo wanne wa kwanza. New England ilikuwa na imani kwamba mtoto aliyezaliwa Sabato alitungwa mimba Sabato. Unaweza kukisia minong'ono ilivyokuwa pale mchungaji mkali wa kushika Sabato alipomleta mtoto wa nne kubatizwa.

Kwenye nyumba hiyo kulikuwa pia na watumwa, na makala nyingi za kumsifu Edwards hupaharakisha mahali hapa. Juni 1731 alikwenda Newport, Rhode Island, bandari ya meli za watumwa, akanunua msichana wa miaka ipatayo 14. Hati ya mauzo inamwita Venus, na bei ni paundi 80. Ilinganishe na mshahara wake wa kwanza wa mwaka. Miaka iliyofuata jina linalotokea nyumbani humo ni Leah, aliyepokelewa kanisani. Baadaye Titus, Joseph na Sue. Mchungaji wa mji mdogo kumiliki mtumwa halikuwa jambo la ajabu: Parkman naye alimnunua kijana Maro mwaka 1728, na Maro akafa kabla mwaka huo haujaisha. Sababu ilikuwa ya kazi tu. Mume anayekaa na vitabu kutwa, mke mwenye mimba, maji ya kuteka, nguo za kuchemsha, maziwa ya kusukasuka: mikono ya ziada ilihitajika, na vibarua wa Kiingereza walikuwa adimu kwa sababu kila kijana alitaka shamba lake. Maelezo hayo hayamwondolei hatia. Edwards aliwahi kuandika rasimu ya kumtetea mchungaji aliyeshambuliwa na waumini wake kwa kumiliki watumwa, ingawa humo humo alipinga biashara ya kwenda kuwateka watu Afrika. Hopkins mwanafunzi wake, na mwanawe Jonathan, wote wawili walikuja kuupinga utumwa hadharani.

Edwards mwenyewe aliamka saa kumi au saa kumi na moja alfajiri. Sala ya familia ilifanyika kwa mwanga wa mshumaa wakati wa baridi. Watoto waliulizwa maswali ya Biblia kulingana na umri wao. Kisha aliingia chumba cha kusomea. Kwa maelezo ya Hopkins, alitumia humo saa 13 kwa siku. Mazoezi yake yalikuwa kupanda farasi, na wakati wa theluji kupasua kuni kwa nusu saa au zaidi. Hakuzoea kutembelea nyumba za waumini isipokuwa kwa wagonjwa au alipoitwa. Alijiona hana kipaji cha mazungumzo ya kawaida, akaona ni heri watu wamfuate yeye chumbani. Kwa mji mdogo, hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko alivyodhani. Babu yake alikuwa akijua habari za kila nyumba. Mchungaji asiyeketi jikoni mwako hajui kwamba umekasirika mpaka siku ya kura.

Karatasi ilikuwa ghali, na hapa ndipo mtu akiona maandishi yake ya mkono yaliyohifadhiwa Yale anashangaa. Mahubiri yaliandikwa kwenye vijitabu vya karibu inchi 4 kwa 4, kurasa zilizokunjwa na kushonwa kwa uzi, kiasi cha kuenea kwenye kiganja. Muundo haukubadilika: andiko, kisha fundisho linalotolewa humo kwa sentensi moja, kisha matumizi yake kwa wasikilizaji. Miaka ya mwanzo aliandika karibu kila neno na kulisoma. Tangu miaka ya 1740 aliacha nusu ya maneno nje, akabaki na vichwa na mistari. Yamebaki mahubiri kama 1,200. Madaftari yake ya mawazo aliyashona kwa chochote kilichokuwa na upande mweupe: barua za zamani, matangazo ya ndoa yaliyokwisha kusomwa, na vipande vya karatasi laini vilivyobaki baada ya Sarah na mabinti kukata pepeo za mkononi. Hizo pepeo zilipakwa rangi zikauzwa Boston, familia ilipokosa mshahara. Unaposoma hoja nzito ya teolojia kwenye ukingo uliokatwa kwa duara, umeshika hesabu ya nyumba hiyo mkononi.

Jumba la ibada nalo lilikuwa mali ya mji, na hali yake ilionyesha hali ya mji. Jumapili ya Machi 13, 1737, katikati ya mahubiri ya asubuhi, roshani ya mbele iliporomoka pamoja na watu waliokuwa juu yake, ikawaangukia waliokaa chini. Kisa ni cha kiufundi. Baridi kali inapogandisha ardhi, maji yaliyomo hupanuka na kuinua udongo. Msingi wa upande mmoja ukasogea, ukuta ukaenda nje kidogo, na ncha za mihimili ya roshani zikachomoka kwenye matundu yake mpaka uzito wa watu ukaimalizia katikati. Hakuna aliyekufa wala kuvunjika mfupa, na Edwards akaona mkono wa Mungu humo. Jumba jipya lilikuwa tayari linajengwa. Lilipokamilika, kamati ilipangia watu viti, na mji ulipiga kura kwamba kigezo cha kwanza kiwe mali, kisha umri. Vijana wenye ardhi wakakaa mbele ya wazee maskini. Mchungaji hakupenda, na alisema hivyo, lakini viti havikuwa vyake.

Miaka michache kabla, 1734 na 1735, Northampton ilikuwa imewaka. Uamsho ulishika mji hata Edwards akahesabu zaidi ya watu 300 waliookoka katika nusu mwaka. Ukakatika Juni 1, 1735, siku ambayo Joseph Hawley, mume wa mama mdogo wa mchungaji, mfanyabiashara aliyezama kwenye huzuni ya roho, alijikata koo. Mwanawe, Joseph Hawley mdogo, alikuwa na miaka 11. Mkumbuke, atarudi.

Mchungaji angeweza kustahimili mshahara na viti. Yaliyomwangusha Edwards ni mambo mawili ya uendeshaji. La kwanza ni la 1744. Vijana wa kiume, wengi wao watu wazima wa miaka ya ishirini, walikuwa wakisoma kwa siri kitabu cha wakunga na kuwadhihaki wasichana kuhusu hedhi. Edwards alilileta kanisani, kamati ya uchunguzi ikateuliwa, kisha akasoma mimbarini orodha ya wanaotakiwa kufika nyumbani kwake. Hakutenganisha watuhumiwa na mashahidi. Majina yalisomwa kwa mkupuo mmoja, na miongoni mwake walikuwemo watoto wa familia kubwa za mji. Kabla hawajafika majumbani mwao, wazazi waliokuwa wamekubali uchunguzi walikuwa wamegeuka. Vijana wenyewe, wakisubiri uani kwa mchungaji, walirukana migongoni kwa mchezo, na mmoja akatamka kwamba yeye hatasujudia wigi. Usimamizi mbaya wa karatasi moja ulimgharimu kizazi kizima cha vijana aliokuwa amewalea.

La pili ni Meza ya Bwana. Stoddard alikuwa amewafungulia meza watu wote wenye mwenendo mwema na ujuzi wa mafundisho, hata wasiodai kuokoka. Edwards alihubiri chini ya kanuni hiyo kwa miaka 20, kisha akafikia uamuzi kwamba ni kinyume cha Maandiko: mshiriki lazima aungame imani kwa maneno yake mwenyewe. Kwa miaka kadhaa hakujitokeza mtu kuomba ushirika, hivyo msimamo ukabaki chumbani. Desemba 1748 akaja mmoja, akaombwa ungamo, akakataa, na mji ukajua. Wakati ulikuwa mbaya kuliko wote. Kanali John Stoddard, mjomba wake na bwana mkubwa wa kaunti, aliyekuwa akituliza kila fitina, alikuwa amefariki Juni mwaka huohuo. Na kosa la mkakati lilikuwa kungoja: wazazi waliokuwa wameshabatiziwa watoto kwa kanuni ya babu walijiona wametapeliwa katikati ya safari. Binamu zake wa ukoo wa Williams walisimama upande wa pili, mmoja wao akaandika kitabu kizima cha kumjibu.

Likaitwa baraza la makanisa jirani. Edwards alipigania haki ya kuchagua baadhi ya makanisa kutoka nje ya kaunti, kwa sababu majirani wengi walimpinga. Alipewa mawili. Hata hivyo kanisa moja dogo kati ya aliyoyachagua lilikataa kutuma mjumbe, mchungaji wake akaja peke yake, na upande wa Edwards ukapungukiwa kura. Juni 22, 1750 baraza liliamua kwa kura 10 dhidi ya 9 kwamba aondolewe. Kura ya washiriki wenyewe haikuhitaji darubini: takriban 230 walitaka aondoke, 23 abaki. Sauti kubwa ya upinzani ilikuwa ya Joseph Hawley mdogo, sasa mwanasheria. Miaka kadhaa baadaye aliandika barua ya kuungama kwamba alitenda kwa kiburi.

Ajabu iliyofuata ni kwamba mji haukuwa na mbadala, ukamwomba mchungaji uliyemfukuza ahubiri kwa malipo ya Jumapili moja moja. Alikubali, kwa sababu alikuwa na miaka 46, watoto 10 walio hai, wa mwisho akiwa na miezi michache, na nyumba isiyouzika haraka. Novemba mkutano wa mji ukaamua hata hayo yakome. Malisho waliyompa wakayachukua.

Ndiyo Stockbridge ikaja, na sleji zake 100. Kulikuwa na familia chache za Kiingereza na mamia ya Wamohikani, baadaye na Wamohaki waliokuja kwa ajili ya shule. Edwards alihubiri kupitia mkalimani na akafupisha mahubiri yake yakawa ya picha na hadithi. Mwanawe Jonathan, aliyefika na miaka 6, alicheza na watoto wa Kimohikani hata akazoea kuwaza kwa lugha yao. Yapo mambo aliyoyajua kwa majina ya Kimohikani tu. Mwaka 1788 alichapisha utafiti wa lugha hiyo, na bado unasomwa na wanaisimu. Ardhi ya Wamohikani, wakati huohuo, ilikuwa ikihamia mikononi mwa walowezi, na Edwards aligombana na ukoo wa Williams wa pale kuhusu fedha za shule hadi alipopewa usimamizi wake.

Jerusha alikuwa ameshazikwa Northampton, Februari 1748, miezi minne baada ya David Brainerd, mmisionari kijana mwenye kifua kikuu aliyemuuguza nyumbani. Esther aliolewa 1752 na Aaron Burr, mkuu wa chuo cha New Jersey. Burr akafa Septemba 1757, na chuo kikamwita mkwe wake, yaani Edwards, akishike. Alifika Princeton, palipokuwa na chuo hicho, mapema 1758 wakati ndui imezagaa, akachanjwa Februari 23. Chanjo ya siku zile ilikuwa kuchukua usaha wa mgonjwa na kuutia kwenye mkato wa mkono. Boston iliijua tangu 1721, baada ya Onesimus, Mwafrika aliyekuwa mtumwa wa mchungaji Cotton Mather, kumweleza bwana wake jinsi alivyochanjwa kwao. Ugonjwa uliotokana na chanjo kwa kawaida ulikuwa hafifu. Kwa Edwards vipele vilimjaa mdomoni na kooni, akashindwa kumeza, homa ikapanda, akafa Machi 22. Lucy ndiye aliyekuwa naye. Sarah alikuwa bado Stockbridge akifunga mizigo. Esther akafuata Aprili 7. Sarah alisafiri kwenda Philadelphia kuwachukua wajukuu wawili yatima, akaugua kuhara damu, akafa Oktoba 2.

Miezi isiyotimia saba, wazazi wote wawili na binti mmoja. Timothy, mtoto wa kiume mkubwa, alikuwa na miaka 20 na wadogo wa kulea, Pierpont akiwa na miaka 8. Muda si mrefu akachukua na watoto wa Esther, akiwemo Aaron Burr mdogo, ambaye angekuja kuwa makamu wa rais wa Marekani na kumpiga risasi Alexander Hamilton mwaka 1804. Orodha ya mali ya marehemu ilitengenezwa: vitabu, mifugo, vyombo, na mvulana Titus, paundi 30. Mwaka 1759 wasimamizi wa mirathi waliwauza Joseph na Sue, paundi 23 kwa wote wawili.